Ukurasa wa ngapi? Neno kwa wanaoingia kidato cha tano

Ndugu msikilizaji, Jumamosi iliyopita nilikuwa Kibirizi, pale mwaloni, nikisubiri mashua ya kwenda vijiji vya kaskazini. Zilikuwa ni siku za mbalamwezi, na wanaoijua Kigoma wanajua maana yake. Wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani siku hizo, kwani taa zao hazifui dafu mbele ya mwezi. Nyavu zilikuwa zimeanikwa, mafundi wanagonga mashua zao, na kina mama wachuuzi wamekaa juu ya magunia wakibishana bei ya dagaa waliokaushwa juma lililotangulia.

Mmoja wa kina mama hao namfahamu tangu zamani. Binti yake amechaguliwa kuingia kidato cha tano katika mkoa wa jirani, mchepuo wa Historia, Jiografia na Kiingereza, ule unaoitwa HGL. Siku hizi wanasema tahasusi, lakini mimi ni mtu wa zamani, mniwie radhi. Msichana aliniamkia vizuri, nikamwitikia na kumpa hongera. Mama yake akasema: "Mwalimu, wewe umefundisha hicho Kiingereza mpaka umestaafu. Hebu zungumza na mwanao, maana tangu majibu yatoke halali. Anasema Kiingereza cha huko juu kitamshinda."

Nikamwuliza binti amejiandaaje. Akafungua mfuko wake akatoa kitini kinene, kimetolewa nakala na kubanwa kwa waya. Amekinunua Sh. 20,000 kwa kijana mmoja aliyemaliza kidato cha sita. Humo ndani mna uchambuzi wa vitabu vyote: dhamira, wahusika, mandhari, mtindo, kila kitu kimepangwa kwa namba. Nikamwuliza: na vitabu vyenyewe? Akainamisha kichwa. Vitabu bado, fedha haikutosha.

Ndugu msikilizaji, shilingi 20,000 pale Kibirizi si fedha ya mchezo. Mama huyu ni miongoni mwa waliokaa bila kazi mwaka 2024, wakati Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Miezi ile mitatu alikuwa akiuza maandazi. Kila noti anayoitoa anaijua imetoka wapi. Kwa hiyo nilikichukua kile kitini kwa heshima, nikatafuta sehemu inayohusu riwaya ya Chinua Achebe iitwayo A Man of the People, ambayo wanafunzi wetu wa kidato cha tano na sita wameisoma kwa miaka mingi. Kwenye orodha ya wahusika nikakuta imeandikwa kwamba Josiah ni mwanasiasa fisadi wa chama cha waziri Nanga, anayeiba fedha za umma.

Josiah si mwanasiasa. Josiah ana duka. Aliyeandika kitini kile hakukisoma kitabu, naye huenda alinakili kwa mwingine ambaye pia hakukisoma. Na mwaka huu, kama hakuna wa kuwazuia, watoto kadhaa wataingia katika chumba cha mtihani wakiwa na kosa hilo hilo, kwa maneno yale yale.

Sikuweza kumcheka binti yule, kwani mimi mwenyewe niliingia kidato cha tano mwaka 1983 nikiwa mbaya kuliko yeye. Kidato cha nne nilikuwa nimefaulu Kiingereza kwa kukariri insha tano: safari, harusi, ajali, siku ya Uhuru, na rafiki yangu mpenzi. Swali lolote likija, nalipindisha mpaka liingie katika mojawapo. Wakiuliza habari za mvua, basi ajali yangu ilitokea siku ya mvua. Wakiuliza habari za kilimo, basi rafiki yangu mpenzi ni mkulima. Nilijiona fundi.

Insha yetu ya kwanza ya kidato cha tano ilihusu uongozi katika kitabu hicho hicho cha Achebe. Niliandika kurasa sita. Nilitia maneno marefu kutoka kwenye kamusi kama mtu anayetia pilipili katika chakula ambacho hakijaiva. Mwalimu wetu aliirudisha ikiwa na alama 4 kati ya 20, na pembeni mwa kila aya ameandika swali moja tu kwa wino mwekundu: ukurasa wa ngapi? Nilikasirika. Nikamfuata, nikamwambia kwamba sarufi yangu haina makosa mengi. Akakubali. Akasema hakuwa amekataa Kiingereza changu; alichotaka kujua ni kama nimewahi kukutana na hao watu ninaowasema. Sikuwa na jibu, maana kitabu nilikuwa nimekifungua mara mbili tu.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya kidato cha nne na cha tano, na ndiyo sababu wengi huanguka wakadhani wameangushwa na ugumu wa lugha. Huko chini unaweza kufika mbali kwa kujua Kiingereza kinasemaje. Huku juu unaulizwa wewe umeona nini katika maandishi yaliyo mbele yako, na umekiona wapi. Hakuna mtu anayeweza kukuonea. Hata mwenye kitini.

Nitoe mfano wa huyo Josiah. Katika kijiji cha Anata alikuwa na duka na baa. Akamkaribisha ombaomba kipofu, akampa chakula na pombe, kisha akamchukulia fimbo yake ya kutembelea na kumwekea nyingine mpya. Watu wakaamini kwamba fimbo ile inakwenda kutengenezewa dawa ya kupofusha wateja ili wanunue bila kufikiri. Kijiji kizima kikaacha kununua kwake. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyeita polisi, na duka likafa. Ni kurasa chache tu, na ukisoma haraka utadhani mwandishi anakuchekesha. Lakini jiulize: kwa nini Achebe ameiweka hadithi ya fimbo moja katikati ya kitabu kinachohusu mawaziri wanaoiba mamilioni? Mbona watu wa kijiji wanajua sana kumwadhibu mwizi wa fimbo, na mwizi wa nchi wanampigia ngoma? Mwanafunzi akishauliza hivyo, ana insha nzima mkononi, na ni yake. Yule wa kitini ana jina la mhusika, na hata hilo amelikosea.

Kuna jambo la pili katika kitabu hicho ambalo vitini havipendi kulisema. Karibu vyote vitakuambia kwamba Nanga ni kiongozi mbaya na Odili, yule kijana mwalimu, ni mzalendo anayepigania haki. Haya, ni kweli, lakini si yote. Odili aliingia katika siasa baada ya Nanga kumchukulia mwanamke wake, Elsie, usiku, nyumbani kwa Nanga mwenyewe. Alitaka kulipiza, na njia ya kwanza aliyoiwaza ni kumnyang'anya Nanga msichana Edna aliyekuwa akiandaliwa kuwa mke wa pili. Na anayetusimulia haya yote ni nani? Ni Odili mwenyewe. Basi msomaji makini hana budi kumsikiliza Odili kama unavyomsikiliza mtu anayekueleza ugomvi wake na jirani: unasadiki mengi, lakini unaweka kiti kwa ajili ya jirani naye aje aseme. Kwa faida yenu niongeze kwamba riwaya hii, inayomalizikia kwa wanajeshi kutwaa serikali, ilitoka Januari 1966, mwezi ule ule ambao Nigeria ilipata mapinduzi yake ya kwanza ya kijeshi.

Binti akaniuliza: "Sasa mwalimu, kama msimulizi haaminiki, nitaandika nini?" Swali zuri. Sikumjibu kwa Nigeria. Nilimwonyesha upande wa kusini, ng'ambo ya bandari na mji, iliko Ujiji.

Kila mtoto wa Kigoma amepelekwa Ujiji akaonyeshwa mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Na kila mtalii anayefika pale anaijua ile salamu ya Kiingereza ambayo Stanley anasemekana aliitoa: maneno manne, la mwisho likiwa kitenzi cha kudhani, kana kwamba katika mji ule palikuwa na wazee wengine Wazungu kumi wa kuchanganya naye. Huenda ndilo tamko la Kiingereza linalojulikana kuliko yote yaliyowahi kutamkwa katika nchi yetu. Sasa tuulize swali la kidato cha tano: tumelijuaje? Tumelijua kwa Stanley mwenyewe, mwandishi wa gazeti, ambaye alirudi na kuandika kitabu. Katika shajara yake, kurasa zinazohusu mkutano ule zimechanwa. Tim Jeal, aliyeandika maisha ya Stanley katika kitabu kilichotoka 2007, anaona kwamba yawezekana kabisa salamu hiyo ilitungwa baadaye. Hata tarehe ina maneno. Stanley ameandika 10 Novemba, lakini Livingstone alikuwa amepoteza hesabu ya siku, na shajara yake inaelekeza mwisho wa Oktoba.

Je, tukitupe kitabu cha Stanley? La hasha. Tukisome vizuri zaidi. Kwani humo humo, kwa kalamu ya Stanley huyo huyo, kuna jambo ambalo watalii hawalikumbuki. Anasema kwamba alipokuwa akiingia Ujiji, kabla hajamwona Livingstone, alisikia mtu katikati ya umati akimwamkia kwa Kiingereza safi. Alikuwa ni Susi, mtumishi wa Livingstone. Mara akaja na mwenzake, Chuma, naye akaamkia kwa Kiingereza. Kwa hiyo, kwa ushahidi wa Stanley, Kiingereza cha kwanza alichokisikia Ujiji siku ile kilitoka vinywani mwa Waafrika wawili. Ndio hao waliokuwa miongoni mwa walioubeba mwili wa Livingstone mpaka pwani baada ya kufa mwaka 1873. Mwaka 1874 walikwenda Uingereza, wakamsaidia Horace Waller kuzitayarisha shajara za mwisho za bwana wao kwa ajili ya kuchapwa. Wengi waliosoma masimulizi hayo wamepita juu ya Susi na Chuma kama mtu anavyopita juu ya kizingiti. Msichana wa Kibirizi akikisoma mwenyewe, atasimama hapo. Hiyo ndiyo faida ya macho yako mwenyewe.

Ndugu msikilizaji, najua wako watakaosema: mwalimu anadai mengi mno kwa watoto waliosoma miaka saba ya shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wakatupwa katika Kiingereza siku moja kama mtu anayetupwa ziwani. Ni kweli, na wala si lawama mpya. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari, na serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakakuta kwamba wengi wa sekondari hawakiwezi kiasi cha kusomea masomo mengine. Mjadala wa lugha ya kufundishia haujaisha mpaka leo, na nitaurudia siku nyingine. Hapa nataka mwangalie dawa iliyotolewa baada ya kipimo kile. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Waingereza walifadhili mradi wa Kiingereza katika sekondari zetu, na sehemu yake kubwa ilikuwa vitabu vya hadithi vilivyoandikwa kwa lugha nyepesi. Shule nyingi zilipata makasha. Mimi nilikuwa mwalimu kijana wakati huo, na niliona kwa macho yangu kwamba wanafunzi waliovisoma vijitabu vile mpaka majalada yakang'oka ndio baadaye waliothubutu kufungua riwaya kubwa.

Basi anayeingia kidato cha tano na Kiingereza chake hakijakomaa asianze na Achebe usiku wa kwanza. Atafute kitabu chepesi akisome chote, halafu kingine. Hakuna aibu. Aibu ni kushika kitabu kigumu miaka miwili bila kufika ukurasa wa thelathini.

Nilikuwa na nakala yangu ya A Man of the People mkobani, ya zamani, jalada limebandikwa kwa gundi. Nikampa. Akafurahi, na akataka kumwonyesha mama yake kwamba shule haikupotea bure. Akanishukuru kwa Kiingereza kwamba nime-"borrow" yeye kitabu. Mama akatabasamu kwa fahari. Mimi sikumkatiza, lakini nilipoona amemaliza nilimweleza, na maelezo yenyewe nayaleta kwenu, maana ni kosa la nchi nzima.

Sisi tuna neno moja, kuazima. Mimi naazima kwako, wewe unaniazima mimi. Kitu kinakwenda au kinakuja, neno ni hilo hilo, na hatukosani. Mwingereza ana maneno mawili: anayepokea ana-"borrow", anayetoa ana-"lend". Binti hakukosea kwa ujinga. Alikosea kwa kuwa anajua Kiswahili vizuri. Makosa yetu mengi ni ya namna hiyo. Tunachanganya "he" na "she" kwa sababu yeye ni yeye, awe mjomba au shangazi. Tunasema mkono kuanzia begani mpaka kidoleni, Mwingereza ameukata vipande viwili.

Tazama hiyo -me- yetu. Shuleni tunafundishwa kwamba "amefika" ni "has arrived", tukadhani mlango umefunguka. Lakini "nimechoka" si "I have tired", ni "I am tired". "Amelala" ni "she is asleep". "Amevaa kanga" ni "she is wearing". Kwa nini? Kwa sababu -me- yetu inasema kwamba jambo limekwisha kutendeka na hali yake ingali ipo hapa mbele yetu. Mwingereza mara nyingine anataja tendo, mara nyingine anataja hali. Mwanafunzi akilielewa hilo mara moja, hakosi tena. Asipolielewa, atasahihishwa mara mia na kukosea mara mia na moja.

Na zile "a" na "the" ambazo zimetutoa jasho sote? Mwalimu atakuambia Kiswahili hakina. Neno hakina, lakini dhana kinayo. Ukisema "nimeona kitabu", huenda ni kitabu chochote. Ukisema "nimekiona kitabu", mimi na wewe tunajua ni kipi. Hiyo -ki- ndogo iliyojipenyeza katikati ya kitenzi inafanya kazi inayokaribiana sana na "the". Mtoto wa Kibirizi amekuwa akiitumia tangu ana miaka mitatu, bila kuchapwa na mtu.

Nayasema haya kwa sababu somo la Kiingereza huko juu lina upande wa lugha yenyewe: sauti, mjengo wa maneno, mjengo wa sentensi. Wanafunzi wanauogopa upande huu kuliko fasihi, na wengine huficha Kiha chao kana kwamba ni ugonjwa. Huko nyumbani binti huyu anasema umuntu, mjini anasema mtu, mwaloni anasikia Kirundi na Kiswahili cha Kongo kila siku. Mwalimu akimpa neno la Kiingereza "unhappiness" alikate vipande, atapata vitatu. Ampe basi mwalimu neno "anayempikia" naye alikate: a, na, ye, m, pik, i, a. Vipande saba, na kila kimoja kina kazi yake. Mtoto mwenye lugha tatu kichwani ana vitu vya kulinganisha ambavyo mtoto wa London anayejua moja hana.

Hata katika fasihi, vitu ulivyokua navyo vitakusaidia kuliko unavyodhani. Riwaya ya Ayi Kwei Armah, The Beautyful Ones Are Not Yet Born, iliyotoka 1968, inamhusu karani wa reli nchini Ghana ambaye hataki rushwa, na mwandishi hakumpa hata jina. Wanafunzi huilalamikia kwamba ina uchafu mwingi na matukio machache. Lakini Kigoma ni mwisho wa Reli ya Kati tangu 1914. Nani ajuaye zaidi kuliko mtoto wa hapa maana ya ofisi ya reli, mzigo uliokwama, na mtu anayekuja na bahasha ili mabehewa yake yatangulie? Na usikimbilie kusahihisha ile "y" katika jina la kitabu. Imewekwa hivyo makusudi, na ukisoma mpaka mwisho utakutana na gari la abiria lililoandikwa maneno hayo nyuma. Ukiishia njiani, utaendelea kudhani ni kosa la mchapaji.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe, vitabu havitoshi. Najua. Nimefundisha darasa ambalo nakala moja ilikuwa ya wanafunzi wanane. Tulichofanya ni kukaa jioni, mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza, kila baada ya kurasa mbili msomaji anabadilishwa. Riwaya ya Achebe haifiki kurasa mia mbili. Kwa kurasa kumi kwa siku inakwisha kabla ya majuma matatu. Faida nyingine ni kwamba masikio yanajifunza matamshi na ulimi unapoteza woga. Kila mmoja awe na daftari lake, upande wa kushoto aandike namba ya ukurasa na kilichotokea, kwa maneno machache, upande wa kulia aandike swali lake mwenyewe. Upande wa kulia ukibaki mtupu kwa kurasa kumi, ujue ulikuwa unasoma kwa macho tu.

Kamusi ni lazima, lakini isikae mapajani. Soma ukurasa mzima kwanza, tia alama chini ya maneno magumu, kisha ndipo uyatafute yale yaliyokuzuia kuelewa. Mengine yatakuwa yamejieleza yenyewe. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya TUKI iliyotoka 1996 inafaa sana kwa kuanzia. Baadaye uhamie ile ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wageni wa lugha. Ile ya Oxford inayotumika zaidi ilianzishwa na A. S. Hornby, mwalimu aliyekuwa akifundisha Wajapani, na ilitoka kwanza Tokyo mwaka 1942. Naitaja kwa sababu wanafunzi wetu hudhani kamusi kubwa ni za Waingereza tu. Hii ilizaliwa kwa shida za watu kama sisi.

Na andika. Ukurasa mmoja kila juma, hata kama mwalimu hajaagiza. Jibu swali lililoulizwa, si lile ulilotamani liulizwe. Mimi na zile insha zangu tano tunajua gharama yake. Sentensi fupi zilizo sawa zinamfikisha mtahini unakotaka, ndefu zenye maneno ya kuazima zinampoteza njiani. Tena kila unapodai jambo, sikia sauti ya mwalimu wangu begani.

Mama alikuwa anasikiliza muda wote huo, huku anapima dagaa. Akauliza, kwa sauti ya chini kidogo: "Kwa hiyo ile elfu ishirini yetu imekwenda na maji?" Nikamwambia hapana, mama. Akikimaliza kitabu, ndipo akifungue kitini, na kalamu mkononi, atafute makosa. La kwanza nimeshampa. Akipata kumi, fedha itakuwa imerudi, maana mtu anayeweza kumsahihisha mwenye kitini hana haja naye tena. Mama akacheka, akasema basi huyo kijana atarudisha fedha kwa kusahihishwa.

Nahodha akaanza kuita abiria. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaingia majini. Nilikuwa nimeshakaa kwenye ubao, mzigo unapakiwa, nilipomwona binti anakuja mbio mpaka maji yakamfika magotini, kitabu amekishika juu ya kichwa.

"Mwalimu! Huyu Odili mbona anamtaja mheshimiwa kwa wakati uliopita, 'was', 'was', na hadithi ndiyo kwanza inaanza? Ina maana anapotusimulia, mheshimiwa ameshaondoka?"

Injini ilikuwa imeshawashwa, ikabidi nipige kelele. Nikamwuliza: ukurasa wa ngapi?

Akainua kidole kimoja.